Fuvu la Olduvai: kwenye makala ya 1959, aliyeliokota anaitwa "mke wangu" tu

mwanaKaratu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijiweni nilibishana na jamaa yangu mmoja, mwalimu wa historia wa sekondari. Swali lilikuwa jepesi: fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, pale bonde la Olduvai kule Ngorongoro, aliliokota nani? Akajibu bila kupepesa macho, "Dokta Leakey." Nikamuuliza Leakey yupi. Akacheka. "Kwani wako wangapi?" Tukawekeana dau la mafuta ya gari. Simlaumu, hata mimi shuleni niliandika hivyohivyo nikapewa vema.

Sasa naandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Ijumaa ya tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey aliamka na homa, akabaki kitandani kambini. Mkewe Mary akachukua mbwa wake wawili, akaenda kuzungukia eneo linaloitwa FLK. Akiwa kwenye mteremko akaona mfupa umechomoza. Akapangusa udongo kidogo, yakatokea meno mawili makubwa yakiwa bado yamekaa kwenye taya. Akarudi mbio na Land Rover akipaza sauti kwamba amempata. Mgonjwa akaruka kutoka kitandani, homa ikasahaulika. Ila alipoyaona yale meno alinywea. Yeye miaka yote alikuwa anamtafuta binadamu wa ukoo wetu hasa, Homo, na haya yalikuwa magego mapana ya kiumbe wa tawi jingine.

Hawakulichimbua siku hiyo. Walimsubiri mpiga picha, Des Bartlett, ili kazi irekodiwe tangu mwanzo. Kisha ikaja kazi ambayo haipendezi kwenye picha: kuchekecha udongo wa mteremko, kuokota vipande vidogo kama kucha, kuosha, kuunganisha. Vilikuwa takriban 400. Aliyeviunga mpaka vikawa uso ni Mary.

Makala ilitoka kwenye jarida la Nature tarehe 15 Agosti 1959. Mwandishi ni mmoja: L. S. B. Leakey. Anapofika mahali pa kueleza fuvu lilivyopatikana, anasema kwamba tarehe 17 Julai, kwenye eneo FLK, "mke wangu" alipata fuvu. Hajataja jina. Kiumbe chenyewe kikaitwa Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliliita pwani yetu, na boisei ni heshima kwa Charles Boise, mfadhili. Mwenye hela ameingia kwenye jina la Kilatini. Mwenye macho ameingia kama mke wa mtu.

Halafu kuna hili ambalo linanichekesha mpaka leo. FLK ni kifupi cha Frida Leakey Korongo. Korongo ni hilihili korongo letu la Kiswahili, na Frida ndiye mke wa kwanza wa Louis, yule aliyeachwa Mary akaolewa. Yaani mama wa watu kaokota fuvu la maisha yake kwenye korongo la mtalaka wa mumewe! La kwake lipo pia, linaitwa MNK, Mary Nicol Korongo, kwa jina la kwao kabla hajaolewa.

Baada ya hapo, Agosti hiyohiyo, fuvu likapelekwa kwenye mkutano wa wanahistoria ya kale wa Afrika kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Louis akaendelea hadi Marekani kuhutubia. Ukumbi unajaa, magazeti yanaandika, National Geographic wanafungua mkoba. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na agoni kikatoa umri wa miaka milioni 1.75, dunia ikashtuka. Mary yuko wapi? Bondeni, anasimamia uchimbaji. Na 1964 Homo habilis wa Olduvai, binadamu wa kale wa ukoo wetu, alipotangazwa, makala ilikuwa na majina matatu: Leakey, Tobias, Napier. Leakey wa pale ni Louis. Aliyekuwa anaongoza uchimbaji wa bonde lilelile hayumo.

Sisemi Louis aliiba. Hakuficha kwamba mkewe ndiye aliyelipata, amesema wazi kwenye Nature. Ninachosema mimi ni kwamba pale Olduvai kulikuwa na kazi nne: kuona, kuunga, kuelezea na kuhutubia. Sifa zote zimekwenda kwa anayehutubia, na makala ile ilistahili majina mawili.

Karibuni.

KitiChaMbele

Nimewahi siti, nangoja waje wenye hasira.

Bwana_Hoja

Mkuu mwanaKaratu, umeandika vizuri lakini umepindisha.

Louis alianza kwenda Olduvai mwaka 1931. Hesabu mwenyewe, mpaka 1959 ni miaka 28. Nani alitafuta vibali? Nani aliombaomba pesa kwa watu kama huyo Boise? Nani alikuwa na udaktari wa Cambridge wa kuweza kusema "hili si sokwe wala si binadamu, hiki ni kiumbe kipya"? Mary hakuwa hata na shahada, na shule za watawa alifukuzwa.

Kuokota si kugundua. Mchunga ng'ombe akiokota jiwe la bluu Mererani, halafu mtaalamu akalipima akasema hii ni madini mapya, mgunduzi ni nani? Mtaalamu. Ndivyo sayansi inavyokwenda. Tusilete huruma za kijinsia kila mahali.

mwanaKaratu (mleta mada)

@Bwana_Hoja kaka, umejichomea nyumba mwenyewe. Huyo mwokotaji wa Mererani ana jina, anaitwa Jumanne Ngoma. Aliokota yale mawe 1967. Tanzanaiti ikauzwa duniani, jina likachaguliwa New York na duka la vito, na yeye akakaa miaka mingi bila kujulikana na wengi. Ni 2018, siku ya kuzindua ule ukuta wa Mererani, Rais Magufuli alipomsimamisha mbele ya watu na kumpa shilingi milioni 100. Siku ile nchi nzima ilisema haki imetendeka. Sasa hukumu ya Mererani kwa nini isifike Olduvai? Ni mkoa wa jirani tu.

Na Ngoma angalau aliokota, akaenda kuuliza. Mary hakuwa mpita njia. Kuhusu shahada ni kweli, hakuwa nayo. Baba yake, mchoraji, alifariki Mary akiwa na miaka 13. Shule ya watawa ya kwanza ilimfukuza, ya pili ikamfukuza baada ya kulipua kitu kwenye maabara ya kemia. (Hapo nami nampenda zaidi.) Lakini alikuwa anachora zana za mawe kwa usahihi ambao wenye shahada waliuhitaji. Gertrude Caton-Thompson alimpa kazi ya kuchora zana za Misri, na ni yeye aliyemkutanisha na Louis mwaka 1933. Unajua Louis alimtaka wa nini hapo mwanzo? Amchoree picha za kitabu chake.

Mtu anayechora jiwe kwa miaka analijua jiwe. Usidhani kuchora huku ni kupamba ukurasa. Unafuata kila kovu la kipande kilichobanduliwa, kipi kilitangulia, pigo lilitoka upande gani. Ndiyo maana 1971 alipotoa buku lake kuhusu tabaka za chini za Olduvai, mpangilio wake wa zana za Oldowan, zile za mawe za kale sana, ndio watu wakaanzia hapo, wengine kuukubali wengine kuupinga, mpaka leo. Alichora ramani ya kila mfupa na kila jiwe lilipolala, badala ya kuokota kizuri na kuacha kingine.

Na 1959 haikuwa bahati. Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria upande wa Kenya, fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana, aliliona nani? Mary huyuhuyu. Akaliunga. Akapanda nalo ndege kulipeleka Uingereza. Bahati ya kuona mafuvu mara mbili, Bwana_Hoja, hiyo si bahati tena.

Mama_Pipeti

Wadogo zangu, mimi ni fundi wa maabara, nimestaafu juzijuzi. Niliposoma "mke wangu" nilikaa kimya kidogo.

Zamani kwenye maabara moja, sitaitaja, kulikuwa na kimelea kilichokuwa kinakataa kuota kwenye vyombo. Miezi saba. Nikabadilisha joto, nikabadilisha chanzo cha damu, nikagundua kwamba tatizo ni maji yetu. Kikaota. Makala ikatoka na majina tisa. Mimi nipo mwisho kabisa, kwenye shukrani, "pia kwa mama yetu wa maabara". Bosi aliniletea nakala kwa furaha ya kweli, alidhani amenifanyia heshima. Nikamshukuru. Ningesema nini?

Kwa hiyo mwanangu mwanaKaratu, nakuongezea kisa cha mwaka uleule wa 1959, ila cha Paris.

Marthe Gautier, binti wa wakulima, daktari wa moyo wa watoto. Alipata nafasi ya kwenda Boston mwaka mmoja, na huko akajifunza kuotesha seli kwenye maabara. Anarudi, anapangiwa hospitali ya Trousseau kwa Profesa Raymond Turpin. Turpin miaka mingi alikuwa na wazo kwamba watoto wenye hali ya Down wana tatizo la kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, lakini hapo kwake hakuna aliyejua kuotesha seli. Gautier akasema mimi najua. Wakampa chumba, friji, mashinepewa na hadubini dhaifu. Bajeti hakuna. Akakopa pesa mwenyewe kununua vyombo vya glasi. Akafuga jogoo kwa ajili ya plazma. Seramu ya binadamu akajitoa damu yake mwenyewe. Nyie mnaosema fundi "anasaidia tu" someni sentensi hiyo mara mbili.

Mwaka 1958 slaidi zake zikaonyesha watoto wale wana kromosomu 47 badala ya 46. Hadubini yake haikuwa na kamera. Kijana wa timu, Jérôme Lejeune, akajitolea kuchukua slaidi akazipige picha mahali pengine. Kilichofuata ni kwamba Lejeune ndiye aliyezungumzia matokeo Montreal mwaka uleule, na Januari 1959 makala ikatoka: Lejeune wa kwanza, Gautier katikati, Turpin mwisho. Na jina lake walilikosea. Waliandika Marie Gauthier. Jina la kwanza si lake, na ubini umeongezwa herufi.

Lejeune akapata tuzo ya Kennedy 1962, akapewa uprofesa, akawa mgunduzi wa trisomi 21, yaani hiyo kromosomu ya ziada, kwenye vitabu vyote. Gautier alirudi kwenye mioyo ya watoto. Alisimulia yake 2009, nusu karne imepita. Tarehe 31 Januari 2014 wataalamu wa jenetiki wa Ufaransa walitaka kumpa medali Bordeaux, ahutubie. Ana miaka 88. Wakfu wenye jina la Lejeune ukaleta maofisa wa mahakama warekodi atakachosema. Waandaaji wakaogopa, hotuba ikafutwa, medali akapewa pembeni bila ukumbi. Baadaye mwaka huohuo kamati ya maadili ya INSERM, taasisi yao ya utafiti wa tiba, ikatoa maoni kwamba bila ile kazi ya kuotesha seli ugunduzi usingekuwepo, na kwamba mchango wa Lejeune kwenye ugunduzi wenyewe yaelekea haukuwa ndio mkubwa. Wakfu haukukubali, una barua na daftari la Lejeune unazozitolea ushahidi. Gautier alifariki 2022 akiwa na miaka 96.

Sasa linganisheni. Louis aliandika "mke wangu". Wale wengine waliandika jina, wakalikosea. Sijui kipi kinauma zaidi.

KitiChaMbele

Mama, "mashinepewa" ni nini tena?

Mama_Pipeti

Simu hii na herufi zake! Mashine pewa, ile ya kuzungusha damu mpaka itengane. Sisi kazini tulikuwa tunaiita sentrifuji, andika hivyo.

Mkamba_wa_Makueni

Salamu kutoka Kenya.

Nimesoma uzi wote na maneno yangu ni mawili. La kwanza, hongera. La pili, mbona mnagawana nyama na mwenye mbuzi yuko nje ya boma? Mnapigania mzungu wa kike dhidi ya mzungu wa kiume. Haya. Na sisi tuliopiga magoti kwenye lile vumbi?

Twende kwa majina, maana ndiyo mada. Fuvu la Olduvai namba OH 24, la Homo habilis, lilipatikana 1968 likiwa limesagwa likawa bapa kama chapati. Waliliita Twiggy, kwa jina la mwanamitindo mwembamba wa London. Aliyeliona ni Peter Nzube. Kuna mtu hapa aliwahi kufundishwa jina hilo? Taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, Januari 1964: Kamoya Kimeu. Kijana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima, Nariokotome 1984: Kamoya Kimeu tena, siku ya mapumziko wenzake wamelala. Makala ya Nature ya 1985 ina waandishi wanne. Kamoya si mmoja wao. Mwaka huo alikwenda White House kupewa medali ya National Geographic na Rais Reagan, sikatai, na wanasayansi wakamwita nyani mmoja wa kale kwa jina lake, Kamoyapithecus. Shahada ya heshima alipewa 2021, mwaka mmoja kabla hajafa. Alianza kazi kwa akina Leakey 1960. Miaka sitini na moja, kaka.

Taya la Laetoli, LH 4, mwaka 1974: Maundu Muluila. Nyayo za Laetoli 1978, Paul Abell aliona alama ya kisigino, lakini aliyetumwa kufukua na akarudi kusema nyayo za watu ziko pale, ni Ndibo Mbuika.

Wengi wa hao ni watu wa kwetu Ukambani, Mary alikuwa anasafiri nao kutoka Kenya mpaka Tanzania. Bwana_Hoja amesema kuokota si kugundua. Msemo huo umetumika kumweka Mary chini ya Louis, na umetumika kutuweka sisi chini ya Mary.

mwanaKaratu (mleta mada)

@Mkamba_wa_Makueni, hapo umenikamata. Nimeandika bandiko refu lote bila kutaja hata jina moja la hao. Nimefanya kilekile ninacholalamikia.

Nikupe kimoja tu upande wa Mary: tunayajua majina ya akina Nzube, Muluila na Mbuika kwa sababu yaliandikwa kuwa wao ndio walioona. Kama ule "mke wangu" ungekuwa ndio mtindo, tungesoma "kijana wetu mmoja". Lakini kuandikwa kwenye orodha ya mifupa na kuandikwa juu ya makala ni vitu viwili, sibishi.

Na hilo la LH 4 uliyoitaja lina kisa ambacho kilinibadilisha namna ninavyomwona huyu mama.

Taya alilookota Muluila liko Laetoli, Tanzania, kwenye mradi wa Mary. Mwaka 1978, kwenye kongamano Stockholm, Donald Johanson akatangaza spishi mpya, Australopithecus afarensis, akiunganisha mifupa yake ya Hadar, Ethiopia, akiwemo Lucy, na ile ya Laetoli. Jina limetoka Afar, Ethiopia. Mfupa unaobeba jina hilo kisheria, ule wa kurejea ukitaka kujua afarensis ni nini, akachagua LH 4. Taya la Tanzania, jina la Ethiopia. Sababu anazo, taya lile lilikuwa limeshaelezwa na kuchorwa vizuri. Na kwenye makala jina la Mary likawekwa kama mwandishi mwenza.

Mwingine angefurahi. Mary akawaka. Hakukubali kwamba mifupa ya sehemu hizo mbili ni spishi moja, akadai jina lake litolewe. Likatolewa.

Mnaona? Mwaka 1959 alistahili jina asipewe, hatukusikia akipiga kelele. Mwaka 1978 amepewa jina akalikataa. Kwake jina juu ya makala lilikuwa sahihi ya mkopo: ukiweka, unadaiwa. Ndiyo maana naona lile la Nature linauma zaidi kuliko nilivyofikiri nilipoanza uzi. Walimnyima sifa, na pia walimnyima kudaiwa. Kama Zinj angekuwa si spishi mpya, aliyekuwa anaaibika ni Louis peke yake.

Bwana_Hoja

Afadhali umesema mwenyewe. Basi Mary hakuwa mnyonge. Hakupenda majukwaa, alipenda bonde, sigara zake na mbwa wake. Louis alipenda majukwaa. Waligawana kazi kama mke na mume wowote. Na mwaka 1962 walipewa medali ya Hubbard wote wawili. Sisi tunaowalilia tumewazidi wenyewe.

Mfano mwingine, Jocelyn Bell. Mwaka 1967 kule Cambridge aliona ishara za pulsa ya kwanza, nyota inayotuma mapigo ya redio, Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish na Martin Ryle. Watu wakapiga kelele. Yeye mwenyewe akasema wanafunzi wa utafiti hawapaswi kupewa Nobel isipokuwa kwa nadra sana, na kwamba yeye hajioni kuwa mmojawapo. Mhusika kasema. Nyie nani?

Mama_Pipeti

Mwanangu Bwana_Hoja, mhusika mwanamke akisema "sidai", muulize kwanza angepata nini angesema "nadai".

Mimi nilimshukuru yule bosi, si nimeandika juu? Angekuwepo mtu wa nje angeripoti kwamba Mama_Pipeti ameridhika.

Halafu Bell. Ile antena alisaidia kuijenga kwa mikono yake, miaka miwili, nguzo na nyaya kwenye shamba la ekari nne na nusu. Chati ilikuwa inatoka karibu mita 30 za karatasi kila siku, na alizisoma yeye kwa macho. Akaona sehemu ndogo ya uchafu, kama nusu sentimita hivi. Msimamizi mwanzoni alidhani ni mwingiliano wa mitambo ya watu. Ni yeye aliyeng'ang'ana. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote ziwasomeshe wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yasiyo na nafasi. Mtu asiyejali nani anaingia na nani anabaki nje ya mlango hafanyi hivyo.

Bwana_Hoja

Mama, hapo kwenye antena nimekubali, sikuwa najua. Kuhusu Zinj bado nasema Louis ndiye mgunduzi wa Olduvai kama eneo.

mwanaKaratu (mleta mada)

Hata hilo hapana, kaka. Kabla ya Louis kulikuwa na Wajerumani, Kattwinkel 1911 na Hans Reck 1913. Na kabla yao Wamasai walikuwa wanalisha pale, ndio walioliita oldupai, mkonge pori. Ila tukienda huko uzi hautaisha.

Kidato_cha_Nne

Shikamooni. Nina mtihani. Kwa hiyo niandike nani??

Mama_Pipeti

Marahaba. Andika "Mary Leakey, 17 Julai 1959". Kama nafasi ipo ongeza "na mumewe Louis akalielezea". Sentensi fupi, mwandiko mzuri.

KitiChaMbele

Kaandike "mke wangu" uone kama utafaulu 😂

Hivi Rosalind Franklin, yule mama wa picha ya DNA, hajatajwa mpaka sasa? Rekodi hiyo.

Mkamba_wa_Makueni

Mwache apumzike, ana nyuzi zake elfu moja.

Hapo juu sijamjibu mwanaKaratu. Nakubali kuhusu majina kuandikwa. Ila kuna jambo moja zuri mmeliruka. Mwaka 2015 Laetoli palepale zilipatikana nyayo nyingine, za watu wawili zaidi, na makala ikatoka Desemba 2016. Mwandishi wa kwanza ni Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Elgidius Ichumbaki yuko kwenye orodha hiyo. Wamechimba, wameandika wao. Nikiona wa kike wa Karatu au wa Kibwezi yuko wa kwanza kwenye orodha kama hiyo nitarudi hapa kufungua chupa ya uki, pombe yetu ya asali.

Safari_Kidogo

Mleta mada, tunaotaka kwenda kuona tunafanyaje? Hiyo FLK inaonekana au ni stori za vitabu?

mwanaKaratu (mleta mada)

Inaonekana. Ukitoka geti la Ngorongoro kwenda Serengeti, utakuta njia panda yenye mafuvu mawili makubwa ya saruji juu ya jukwaa. Moja ni la Zinj, usikosee kulipita bila picha. Unakata hapo unashuka mpaka makumbusho, kuna mwonekano wa bonde lote. Fuvu halisi usilitafute hapo, liko Dar, Makumbusho ya Taifa. Kushuka chini bondeni unaongozana na mwenyeji. Beba maji mengi na kofia, kivuli kule ni cha migunga michache.

Chini, FLK, kuna kinguzo kifupi cha saruji chenye bamba. Limeandikwa kwamba fuvu lilipatikana hapa na M. D. Leakey, tarehe 17 Julai 1959. M. D. ni Mary Douglas.

Mwalimu wangu nimemtumia picha ya bamba hilo asubuhi. Amekaa saa nzima, kisha akajibu, "D huenda ni Doctor." Nimemwambia Jumamosi tunakwenda akasome mwenyewe, na mafuta ni juu yake.